Aliyerudisha Ng'ombe wa Ndahani

Bibi yangu Tabu hakuwa mwanamke mpole, na yeyote atakayekuambia alikuwa mpole mwambie akome. Alikuwa na mdomo, alikuwa na mikono, na akikasirika hata mbwa wa jirani walijua. Mimi nimemkuta akiwa kikongwe, macho yameshaingia ukungu, lakini ukimpitia mbele bila kumwamkia utasikia fimbo miguuni. Yote nitakayoyasema hapa nimeyapata kwake na kwa mama yangu, Nyemo, ambaye ndiye aliyekuwa anagombewa.

Walikaa upande wa Chamwino, kwenye tembe ya paa bapa, zizi katikati, nyumba zimelizunguka. Tabu alikuwa mke wa kwanza wa babu yangu Matonya. Mdachi alikuwa ameshaitawala nchi nzima, na reli yake ndiyo kwanza inafika Dodoma. Reli ile ilitaka watu wa kuvunja mawe na kubeba mataruma, na watu hawakuitaka reli. Basi Mdachi akatafuta wa kumchagulia watu, akampata Ndahani, akamfanya jumbe.

Huyo Ndahani, loh! Mtu mwenye ng'ombe wengi na roho ya kichaka cha miiba. Alikuwa anapita kwenye maboma ya watu asubuhi, anakunyooshea kidole, na jioni uko njiani na askari nyuma yako. Wanaume waliojipiga kifua kwenye pombe walikuwa wakimwona kwa mbali wanaufyata. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Sisemi ili kumtukana. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kukasirika na akasirike.

Siku moja Ndahani akaja kwa Matonya akakaa, akanywa pombe ya uwele, akasema anamtaka Nyemo. Tayari alikuwa na wake watano. Matonya hakumuuliza mtu. Alifikiria ng'ombe, akafikiria mawe ya reli, akasema sawa. Ng'ombe wa mahari wakaja, wanono, na jina la Matonya halikutajwa tena kwenye habari za reli. Mama alichukuliwa analia, na Tabu akaambiwa kila binti hulia siku ya kuolewa.

Haukupita muda mrefu mama akarudi nyumbani kwa miguu, jino la mbele halipo. Kosa lake? Maziwa yalichelewa. Matonya akampa maji ya kunywa, akamsubiri apumzike kidogo, akamrudisha mwenyewe kwa Ndahani alasiri ileile. Huko njiani, mama alinisimulia, alikuwa anazungumzia mvua. Mwanao jino limeng'olewa kwa ngumi, na wewe unazungumzia mvua!

Mara ya pili alirudi mkono umevunjika. Mkono ule haukuunga vizuri mpaka amekufa. Kila alipotwanga alikuwa anaegemea mchi kwa bega, na sisi watoto tulidhani ndivyo watu wote wanavyotwanga. Tabu alipouona ule mkono unaning'inia, hakulia. Alimfuata Matonya zizini akamwambia, "Baba Nyemo, rudisha ng'ombe wa watu."

Kwetu ndivyo ndoa inavyokatika. Ng'ombe wa mahari wakirudi kwenye zizi walikotoka, mke ameachika, hakuna wa kusema neno. Lakini lazima wapelekwe na mwanamume, ameshika mkuki wake, asimame langoni aseme kwa kinywa chake kwamba amerudisha. Mwanamke hawezi. Akiwapeleka mwanamke, huo ni wizi wa ng'ombe.

"Niwarudishe?" Matonya akasema. "Halafu kesho nikavunje mawe Dodoma?"

"Mwanao anauawa."

"Hajauawa. Mwanamke akipigwa anazoea."

Tabu akaenda kwa wazee. Wanawake hawakai kwenye baraza la wanaume, kwa hiyo alisimama mbali, kwenye jua, akawaamkia, "Mbukwenyi," akaeleza shida yake kwa sauti ya juu. Walimwacha akamaliza. Kisha mzee mmoja, sitamtaja, wajukuu wake wapo na wengine ni wakwe zetu, akasema, "Wewe mwanamke una ng'ombe gani wa kurudisha?" Baraza zima likacheka. Wanaume wazima, waliomwona Nyemo akizaliwa, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na tumbaku.

Bibi alikuwa akifika hapo anasonya, anatema mate. Na ukimwuliza kitu saa hiyo unachezea fimbo.

Mama akarudishwa tena, na mkono wake umefungwa vijiti.

Sasa sikiliza. Mwaka huohuo ndama wakaanza kufa. Walianza kwa kutoa machozi, wanakataa kunyonya, asubuhi unawakuta wamelala miguu imekakamaa. Wakafuata majike wenye mimba. Zizi la Matonya, zizi la wazee waliocheka, na zizi la Ndahani pia. Ugonjwa haukumjua jumbe. Wanaume wakaenda kwa mganga, na mganga akawaambia walichokuwa wanakijua: mkosi umeingia kwenye mifugo, waiteni wanawake.

Maana kwetu Ugogo mkosi wa mifugo hutolewa na wanawake. Ndiyo mila. Wanawake wanavaa migolole ya waume zao, zile shuka za kufunga begani, wanashika mikuki na fimbo zao, wanafunga njuga, wanawatoa ng'ombe wote mazizini na kuwachunga wao. Wanaume wanabaki ndani. Siku hizo mwanamke ndiye mwanamume wa boma, anaamkiwa kama mwanamume, anaamuru kama mwanamume, na mwanamume akikatiza njia yao anachapwa na hana pa kushtaki. Wanachunga hivyo mpaka jioni ya mwisho, wanapokimbia kuelekea machweo, mpakani, wakautupa mkosi kule. Kabla haujatupwa, mwanamume akimpinga mwanamke aliyeshika mkuki, mkosi wote unarudi na kumwangukia yeye na zizi lake.

Hebu ona ujanja wao. Ng'ombe wakiwa wazima, "wewe mwanamke una ng'ombe gani?" Wakianza kufa na kunuka, haya, mama zetu, njooni muwachukue, ninyi ndio wanaume! Mimi hili huwa linanichemsha damu hata sasa. Lakini Tabu hakuchemka. Tabu aliketi akafikiri.

Alimwambia mtu mmoja tu, Batuli. Huyu alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, Mwislamu, mume wake mchuuzi wa chumvi aliyehamia kwetu. Batuli alikuwa anajua Kiswahili vizuri kwa sababu ya biashara, wakati Tabu alijua Kigogo tu. Tabu alipomweleza, Batuli akashika kiuno.

"Mimi mila zenu sizijui," akasema, "lakini kumtia adabu Ndahani, hapo umenipata. Nipe njuga."

Asubuhi ya ngoma hiyo ya mkosi Matonya alimkabidhi Tabu mgolole wake na mkuki wake, kama mila inavyotaka, akaingia ndani. Wanawake wakakusanyika, wazee kwa vijana, wengine migolole inawaburuza chini. Walikuwa wanacheka. Walipita kwenye maboma wakiwaimbia wanaume nyimbo za kuwasuta, wanawataja kwa majina, nani kitandani analala kama gogo, nani anakula nyama peke yake machungani. Wanaume wako ndani wanasikia. Mbele kabisa alikuwa bibi kizee mmoja mwenye mkuki mrefu kumpita yeye, na bibi huyo alikuwa mama mzazi wa Ndahani.

Tabu akafungua zizi la Matonya. Ng'ombe wa mahari alikuwa anawajua kila mmoja kwa rangi, pembe na tabia, maana ni yeye aliyekuwa anawakamua. Akawatenga, wakubwa na ndama waliowazaa waliokuwa wamesalimika, hakuacha hata mmoja. Halafu akageuza uso kuelekea kwa Ndahani.

Wanawake walipoona anakokwenda, kicheko kikakatika. Mmoja akamwuliza, "Tabu, unafanya nini?"

"Mimi leo ni nani?" Tabu akauliza.

Ndipo yule mama yake Ndahani akasema, "Wewe leo ni mwanamume wa boma la Matonya. Twende." Ndahani alikuwa mwanawe wa kumzaa, na aliyajua mambo yake kuliko mtu yeyote. Basi wakaenda, njuga zinalia, vumbi linapanda, kundi zima la wanawake nyuma ya ng'ombe.

Ndahani aliwaona kwenye tundu la ukuta. Alitoka mpaka mlangoni mwa nyumba, fimbo mkononi, amevimba. Tabu akasimama langoni, akauchomeka mkuki ardhini, akasema yale maneno ambayo baba yake angeyasema, na babu yake angeyasema:

"Ndahani, ng'ombe wako hawa. Nimewaleta kwa mkono wangu, na wazao wao. Sina chako. Nipe mwanangu."

"Wewe mwanamke umeingiwa na wazimu?"

"Mwanamke yuko wapi hapa?" Batuli akapaza sauti nyuma. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ndahani akapiga hatua moja. Mama yake akamwelekezea mkuki kifuani, akamwambia, "Sogea basi. Sogea mkosi wote ubaki hapa kwako, ng'ombe wako wafe mpaka wa mwisho, na Mdachi wako aje akufugie." Ndahani akatazama zizi lake lenye mizoga miwili ya ndama. Akarudi nyuma. Nyemo akatoka nyumba ya uani, mkono kwenye vijiti, hajabeba hata kibuyu, akapita mbele ya mumewe kama anapita mbele ya kisiki, akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

Ilipofika siku ya mwisho mkosi ukatupwa machweoni, wanawake wakavua migolole, wakarudi kuwa wanawake. Na wanaume wakatoka ndani na kukuta zizi la Matonya lina nafasi.

Matonya alitaka kumpiga Tabu. Alishanyanyua fimbo. Wazee wakamshika mkono, na sidhani kwamba walimhurumia bibi yangu. Walikuwa wanahofia ng'ombe wao. Maana wangesema nini? Wakisema Tabu si mwanamume siku ile, basi ngoma yote ilikuwa bure na mkosi bado uko nao. Wakisema alikuwa mwanamume, basi ng'ombe wamerudishwa na ndoa imekufa. Na ndama, kwa bahati au kwa ngoma, walikuwa wameacha kufa. Wakakuna vichwa, wakanusa tumbaku, wakasema jambo hili lisizungumzwe. Ala! Jambo ambalo wanaume wameshindwa ndilo lisilozungumzwa.

Lakini Ndahani hakufungwa na aibu ya wazee. Alikwenda Dodoma, bomani, akashtaki kwamba watu wa Matonya wamemnyang'anya mke. Askari wakaja kumchukua Matonya. Tabu akafuata kwa miguu, na Batuli akamfuata ili amtafsirie Kiswahili, kwa sababu huko Kigogo hakina nafasi.

Mdachi alikuwa ameketi kivulini, jasho linamtoka, hana hamu na mambo ya wake za watu. Mkalimani wake alikuwa Hasani, mtu wa Kondoa. Pembeni alisimama askari mwenye kiboko. Batuli na Tabu walikaa chini, ukutani, na Batuli alikuwa anamnong'oneza kila neno.

Hasani akamwuliza Ndahani, "Bwana anauliza, nani aliyekuja kwako kumchukua mkeo?"

"Wanawake," Ndahani akasema.

Askari wakaangua kicheko. Mdachi akauliza wanacheka nini, akaelezwa, na yeye akatabasamu. Akasema kitu, na Hasani akatafsiri: "Bwana anauliza, jumbe wake ananyang'anywa mke na wanawake, mchana, kwenye boma lake mwenyewe? Jumbe wa namna hiyo atamkusanyia watu gani wa reli?"

Uso wa Ndahani ukasawijika. Ungemwona, Batuli alikuwa anasema, ungemhurumia kama usingekuwa unamjua. Akasema, "Hapana. Nimesema vibaya. Aliyewaleta ng'ombe ni Matonya mwenyewe. Wanawake walikuwa wanafuata nyuma tu, na ngoma yao."

Tabu aliposikia hilo kwa sauti ya Batuli, alidhani amesikia vibaya. Akamwambia arudie.

Hasani akamgeukia Matonya. Akamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu unayetaka asikosee. "Bwana anasema hivi. Kama ng'ombe walipelekwa na mwanamke, huo ni wizi. Binti atarudi kwa jumbe leo, na wewe uliyeshindwa kumtawala mkeo utalala hapa chini upigwe viboko hamsa ishirini. Kama ng'ombe uliwarudisha wewe, mwanamume, basi kwa desturi yenu ndoa imekwisha, na bwana hataki kuisikia tena kesi hii. Haya sema. Ni nani aliyewarudisha?"

Matonya alikitazama kiboko. Halafu akamtazama mkewe, mara moja tu, akaondoa macho.

"Ni mimi," akasema.

Batuli alikuwa ameshanyanyuka nusu. Neno "Mwongo!" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Tabu akamkamata kaniki, akamvuta chini kwa nguvu hadi kitambaa kikachanika. Batuli akamgeukia, macho yamemtoka. "Unamwacha aseme hivyo? Wewe ndiye uliye..."

"Nikifungua mdomo, Nyemo anarudi," Tabu akasema. "Kaa chini."

Wakakaa chini. Ndahani akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, ni Matonya, na Matonya akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, ni yeye. Wanaume wawili waliochukiana, wakapatana mbele ya Mdachi kwa uongo mmoja, na uongo huo ukamfaa kila mtu. Mdachi akapunga mkono watolewe. Na bibi yangu, aliyeifanya kazi hiyo mchana kweupe mbele ya nusu ya wanawake wa Chamwino, alikuwa ameketi vumbini, amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Aliniambia hajawahi kusikia hasira kama ile, si siku ya jino, si siku ya mkono.

Matonya alipokelewa nyumbani kwa vigelegele. Wazee walewale wakachinja mbuzi. Oo, Matonya, dume! Amekwenda langoni kwa jumbe mwenyewe! Amesimama na Mdachi ana kwa ana! Mwanzoni alikuwa anaitika kwa aibu kidogo, anatazama chini. Pombe ya pili akaanza kueleza alivyouchomeka mkuki. Baada ya mavuno alikuwa ameshaongeza na maneno aliyomwambia Ndahani, na jinsi Ndahani alivyotetemeka. Tabu ndiye aliyekuwa anazungusha kibuyu cha pombe, anawamiminia, anasikiliza. Wanawake walikuwa wanamtazama, anawapa ishara ya jicho: nyamazeni. Mama yangu alikuwa ndani anatwanga kwa bega lake, na alikuwa nyumbani, na hakuna aliyemwita arudi kwa Ndahani.

Miaka ikapita. Mdachi akaingia vitani, akashindwa, akaondoka. Mwingereza akaja. Ndahani akafa kwa homa. Mama yangu alikuwa ameshaolewa tena na baba yangu, mtu mwema aliyekuwa anatwanga mwenyewe ule mkono wa mama ukimuuma, na watu wakimcheka anawaambia waje wamcheke karibu. Hakukuwa tena na mtu wa kumrudisha mama yangu popote.

Asubuhi moja Tabu alikuwa zizini anakamua. Mama alikuwa amekuja kuwatembelea na alikuwa karibu, ndiyo maana nayajua haya. Matonya akaja na bakuli lake la maziwa kama kila asubuhi. Tabu hakumpa. Alisimama, kibuyu mkononi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Nyemo. Ndahani amekufa. Mdachi hayupo, kiboko hakipo, wazee hawapo. Tuko mimi na wewe na ng'ombe. Sitamwambia mtu. Nataka kusikia mara moja tu, kwa kinywa chako. Ng'ombe wale, nani aliyewarudisha?"

Mama anasema baba yake hakusita. Hakutazama chini, hakukohoa. Alimtazama mkewe kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Si mimi? Ulikuwepo bomani, ulinisikia mwenyewe."

Alikuwa ameshaamini. Hapo ndipo bibi alipojua kwamba hata humo ndani ya kichwa cha yule mtu, mahali pekee palipobaki, yeye hayumo.

Hakupiga kelele. Alikigeuza kibuyu, maziwa yote yakamwagika miguuni kwa Matonya, kwenye samadi. Kisha akamwekea kile kibuyu kitupu juu ya bakuli lake.

"Mwanamume wa ng'ombe ni wewe," akasema. "Kamua."

Na hakumkamulia tena, wala wake wenzake hawakuthubutu kumkamulia. Matonya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila asubuhi, mzee mzima mwenye wake na wajukuu, alichuchumaa chini ya ng'ombe, kazi ambayo mwanamume wa rika lake hakuwahi kuonekana akiifanya, au alikula ugali wake mkavu. Wanaume wenzake walimwuliza ana nini. Hakujua la kuwajibu. Wanawake wote wa Chamwino walijua.